Maji ya Akiba na Pampu ya Kuyapandisha: Historia Fupi kwa Wanachama

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wanachama watasoma habari za mazao, za mizani, za mikutano mikuu na za hesabu zilizokaguliwa. Yafaa pia kutenga kurasa chache kwa ajili ya chombo kimoja ambacho hakina sauti mkutanoni, ingawa gharama yake husomwa katika kila hesabu ya mwaka. Chombo hicho ni pampu, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la bomba la kuvutia maji.

Nchi yetu imewekwa kama ngazi. Ukingo wa kasoko ya Ngorongoro uko kwenye kimo cha mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Karatu uko kwenye mita 1,500 hivi. Na ziwa Eyasi liko chini kabisa, kwenye mita 1,030 hivi. Mvua na ukungu hushikwa na misitu ya juu, maji huzama katika miamba, kisha hutoka tena katika chemchemi za chini. Mwenye shamba la kahawa mlimani huona kijito bondeni mwake asiweze kukinywesha kwenye mibuni. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola huona mfereji ukipita chini ya shamba lake. Maji yapo, lakini hayapo mahali yanapotakiwa. Ndipo watu huinuka, huchanga fedha, na kwenda mjini kununua pampu.

Aghalabu swali la kwanza wanaloliuliza dukani ni hili: "Ina nguvu ngapi?" Makala hii yataka kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba swali hilo lastahili kuwa la mwisho. Watu waliofaulu kupandisha maji, tangu zamani hata leo, waliuliza kwanza maswali manne: Maji yapande kimo gani? Yatakiwa kiasi gani kwa saa? Ni maji ya namna gani? Na ni nani atakayekitunza chombo siku kitakapoharibika? Waliosahau hata swali moja kati ya hayo walilipa gharama mara mbili.

Kabla ya pampu

Hapana budi tuanze na watu wasiokuwa na pampu kabisa. Chini ya nyanda hizi hizi za Ngorongoro, upande wa mashariki, yako magofu ya Engaruka. Hapo, kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, waliishi wakulima walioyaongoza maji ya vijito vitokavyo milimani kwa mifereji iliyojengwa kwa mawe, wakayagawa katika viunga vya mashamba vinavyokadiriwa kufika hekta 2,000. Mtafiti Louis Leakey alifika hapo mwaka wa 1935, na wengine wengi wakamfuata. Hawakukuta mtambo wowote wa kuinua maji. Watu wa Engaruka walichagua mahali pa kulima kwa kufuata maji yanakoweza kwenda yenyewe.

Kadhalika Wachagga wa Kilimanjaro walichimba mifongo yao, na kila mfongo ulikuwa na wakuu wake, zamu zake na siku zake za kusafishwa. Huko Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka wa 1870 hata 1888, aliwaletea watu wa mjini maji ya chemchemi kwa mfereji uliotelemka wenyewe.

Funzo la kwanza latoka hapa. Kabla ya kununua pampu, yapasa watu wapande juu ya mlima na kutazama kama maji yaweza kuchukuliwa mahali pa juu zaidi na kuletwa kwa bomba bila injini. Nguvu inayovuta maji chini haiuzwi kwa lita, haina vipuri, wala haiibiwi usiku. Bomba refu laweza kuwa ghali siku ya kulilaza, lakini likisha kulazwa halidai mafuta kila asubuhi.

Uzito wa hewa

Pale ambapo maji hayana budi kupanda, historia yatupeleka mbali. Katika mji wa Iskanderia wa Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, fundi mmoja Myunani aitwaye Ctesibius alisifiwa kwa kutengeneza pampu ya pistoni yenye vali, iliyosukuma maji juu kwa nguvu. Pampu za namna hiyo, pamoja na zile za kuvuta, zilitumika Ulaya kwa karne nyingi, lakini hapakuwa na aliyejua sababu ya jambo moja la ajabu: pampu ya kuvuta, hata ikiwa imetengenezwa vizuri namna gani, hushindwa kuvuta maji yakishazidi kina cha mita 10 hivi. Galileo aliliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka wa 1638. Mwaka wa 1643 mwanafunzi wake Torricelli alijaza zebaki katika bomba la kioo, akaligeuza ndani ya bakuli, na zebaki ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Alitambua kwamba hewa ina uzito, na kwamba uzito huo ndio unaosukuma maji kuingia ndani ya pampu. Pampu huondoa hewa tu iliyomo ndani ya bomba. Hewa ya nje ndiyo ifanyayo kazi ya kupandisha. Uzito wake ukifika kikomo, maji husimama.

Jambo hilo latuhusu sisi wa Karatu kuliko watu wa pwani, kwa kuwa kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo hewa inavyopungua uzito. Katika ufuo wa Tanga au Dar es Salaam kikomo cha kuvuta ni mita 10.3 hivi. Kando ya ziwa Eyasi ni mita 9.1 hivi. Karatu mjini ni mita 8.6 hivi. Juu kwenye ukingo wa Ngorongoro ni mita 7.8 hivi. Na hizo ni hesabu za pampu kamilifu isiyopatikana duniani. Katika kazi ya kweli, baada ya kutoa hasara ya msuguano, ya viungo na ya vali, mwenye kisima Karatu asitumaini kuvuta zaidi ya mita 5 au 6, na aliye juu ya ukingo asivuke 4 au 5.

Mtu hununua pampu ambayo karatasi yake imeandikwa kuwa yavuta mita 8. Karatasi hiyo haikosei. Iliandikwa kwa ajili ya mahali palipo sawa na bahari. Anaiweka ukingoni mwa korongo lenye kina cha mita 7, injini yanguruma, na maji hayaji. Analaumu muuzaji, ananunua pampu yenye nguvu mara mbili, na maji bado hayaji, kwa sababu injini kubwa haiwezi kuongeza uzito wa hewa. Dawa yake ni kuishusha pampu karibu na maji, au kutumia pampu ya kuzamishwa, ambayo husukuma kutoka chini wala haivuti. Kusukuma hakuna kikomo hicho.

Injini yenyewe nayo hupumua hewa ile ile nyepesi. Injini ya kawaida ya petroli au dizeli, isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu sehemu 1 katika 100 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Basi injini iliyoandikwa nguvu 10 za farasi, ikifika Karatu hubaki na 8 na nusu hivi.

Mapanga yaliyopindwa

Pampu ambayo leo twaiona zaidi mashambani si ya pistoni. Ni ile yenye gurudumu la mapanga lizungukalo ndani ya sanduku, likiyatupa maji nje kwa mzunguko. Denis Papin, Mfaransa, alilishughulikia wazo hilo mwishoni mwa karne ya 17, lakini sifa yake ilienea mwaka wa 1851, katika Maonyesho Makuu ya London. Hapo John Appold alionyesha pampu yenye mapanga yaliyopindwa. Ilipopimwa, ilirudisha katika maji sehemu 68 kwa 100 ya nguvu iliyotiwa ndani yake, ilhali gurudumu la mapanga yaliyonyooka halikufikia hata nusu ya kiasi hicho. Nguvu ilikuwa ile ile. Umbo la panga ndilo lililoleta tofauti.

Wakati huo huo ilikuwako pampu nyingine isiyotumia mafuta wala mkono. Mwaka wa 1772 Mwingereza John Whitehurst aligundua kwamba maji yatelemkayo kwa kasi katika bomba, yakizuiwa ghafula, hugonga kwa nguvu, na mgongano huo waweza kupandisha sehemu ya maji hayo juu. Mwaka wa 1796 Joseph-Michel Montgolfier wa Ufaransa, yule aliyepaisha puto la hewa moto pamoja na ndugu yake mwaka wa 1783, alikifanya chombo hicho kijifungue na kujifunga chenyewe. Chaitwa haidramu. Kijito kikitelemka mita 3, chaweza kupandisha maji mita 30, lakini katika kila lita 100 zipitazo ni 6 hivi tu zitakazofika juu. Zilizobaki hurudi mtoni. Kwa mkulima mwenye haraka hilo ni dogo. Kwa mwenye tangi la akiba ni neema, kwa kuwa haidramu haijui usiku wala sikukuu, na haba na haba hujaza kibaba.

Samaki wa bahari mbali na bahari

Sasa msomaji na avumilie tukienda kwa muda mahali pasipofanana na Karatu hata kidogo, maana huko ndiko swali la maji ya akiba na pampu lilikojibiwa kwa uangalifu mkubwa. Habari yenyewe ni ya matangi ya kioo ya kufugia samaki wa bahari.

Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza ya samaki kwa watu wote kuitazama. Watu walishangaa, lakini watunzaji walipata taabu. Maji ya chumvi yanayosimama tangini huchafuka upesi kwa kinyesi na mabaki ya chakula, hupungukiwa na hewa, na viumbe hufa. Na bahari ilikuwa mbali, hata maji mapya hayakuweza kuchotwa kila siku.

Aliyelitatua jambo hilo kwa ustadi alikuwa William Alford Lloyd, ambaye nyumba yake ya samaki katika jumba la Crystal Palace, juu ya kilima cha kusini ya London, ilifunguliwa mwaka wa 1871. Lloyd alijenga chini ya sakafu hifadhi kubwa ya maji ya bahari, yenye ujazo wa mara kadhaa kuliko matangi yote ya maonyesho yakijumlishwa. Kutoka hifadhini maji yalipandishwa kwa pampu, yakapita katika matangi, yakamwagika kutoka tangi moja hata jingine huku yakivuta hewa, kisha yakarudi gizani chini kupumzika na kusafika. Mzunguko huo uliendelea mchana na usiku. Maji yale yale yalitumika tena na tena kwa muda mrefu. Alipojenga Anton Dohrn nyumba yake ya samaki mjini Naples, Italia, iliyofunguliwa mwaka wa 1874, ushauri wa Lloyd ulitumika.

Kwa nini wakulima wajali habari hizo? Kwa sababu mfugaji wa samaki wa bahari hana nafasi ya kukosea. Pampu ya shamba ikisimama siku 2, vitunguu husinyaa na huenda vikafufuka. Pampu ya tangi la samaki ikisimama usiku mmoja, asubuhi hakuna kitu. Kwa hiyo wafugaji hao walijifunza kuchagua, na kanuni zao zafaa kuwekwa wazi.

Kwanza, walijifunza kupima kimo kutoka uso wa maji ya hifadhi hata mdomo wa bomba la juu, kisha kuongeza hasara ya kila kona, kila kiungo na kila urefu wa bomba. Pampu iliyoandikwa lita 5,000 kwa saa hutoa lita hizo pasipo na kimo. Kila mita ya kupanda huzipunguza, na kwenye kimo chake cha mwisho pampu huzunguka bila kutoa hata tone. Mwenye kununua kwa kusoma tarakimu ya kwanza tu hununua maji yasiyokuwapo.

Pili, walijifunza kwamba hifadhi kubwa ni rafiki wa pampu ndogo. Maji yakiwa mengi chini, hubadilika polepole katika joto na chumvi, na pampu haihitaji kukimbia.

Tatu, walijifunza kuyauliza maji yenyewe. Katika lita moja ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi. Chumvi hula chuma, na shaba ikiyeyuka kidogo tu majini huwaua viumbe wengi wasio na uti wa mgongo. Ndiyo sababu leo pampu za matangi hayo hutengenezwa kwa plastiki, na shafti yake huwa ya kauri, ili maji yasiguse metali kabisa. Pampu nzuri ya maji baridi yaweza kuwa sumu katika maji ya chumvi.

Nne, walijifunza kuweka pampu ya pili tayari, maana chombo kinachozunguka hakina budi kuchakaa.

Tangi lisilo na pampu

Turudi sasa kwetu, maana maji ya chumvi hatuyajui kwa kusimuliwa tu. Ziwa Eyasi ni tangi kubwa la chumvi lisilo na pampu wala mlango wa kutokea. Maji huingia kutoka pande zote, jua huyachukua kuwa mvuke, na chumvi hubaki. Ndani ya kasoko ya Ngorongoro, ziwa Magadi lafuata kanuni hiyo hiyo. Hata hivyo maisha hayakukosa: yupo samaki wa jamii ya perege, ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas, apatikanaye katika maziwa ya chumvi ya Tanzania, Eyasi na Manyara yakiwa miongoni mwake. Kila mfugaji wa samaki wa bahari huijua kanuni ya Eyasi: maji yakipungua tangini kwa jua, huongeza maji baridi, kamwe haongezi ya chumvi, la sivyo chumvi itazidi hata kuua.

Shamba nalo ni tangi. Maji ya chemchemi za Qangded, yanayolisha mifereji ya Mang'ola, ni matamu yakitoka; lakini kila maji ya ardhini hubeba chumvi kidogo. Mkulima akimwaga maji mengi kupita haja ya mmea, mahali pasipo na njia ya kuyatoa, maji ya chini ya ardhi hupanda, jua huyavuta juu, na weupe wa magadi huonekana juu ya udongo. Nchi ikifika hapo, mbolea haisaidii, na kuiponya huchukua miaka. Kwa hiyo pampu kubwa mno ni hatari ya namna mbili: huharibu shamba la mwenye pampu kwa maji yaliyozidi, na huharibu shamba la jirani wa chini kwa maji yaliyokosekana. Na chini ya mifereji ya Mang'ola wako wafugaji, wawindaji na wakulima wengine ambao nao hungoja zamu ya chemchemi hizo hizo.

Namna ya maji huamua pia namna ya chombo. Maji yenye magadi hula sanduku la aluminiamu, ambalo pampu nyingi nyepesi za petroli hutengenezwa nalo. Maji ya mto wakati wa masika hubeba mchanga, na mchanga hukwaruza mapanga na kuharibu sili. Mwenye kuchota maji ya namna hizo na aulize dukani chombo kimetengenezwa kwa kitu gani, kabla ya kuuliza bei. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Miaka 20 ya matumaini

Historia ya nchi yetu yenyewe yatoa funzo lililo karibu zaidi. Mwaka wa 1971 Serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa kuwapatia watu wote wa vijijini maji safi, karibu na makazi yao, katika muda wa miaka 20, yaani hata mwaka wa 1991. Lilikuwa kusudi jema na la heshima, na kazi kubwa ilifanywa. Visima vilichimbwa, matangi yalijengwa, na injini za dizeli zilifungwa katika vijiji vingi. Lakini bei ya mafuta duniani ilipanda ghafula mwaka wa 1973 na tena mwaka wa 1979, fedha za kigeni zikawa haba, vipuri havikupatikana. Pampu nyingi zilisimama. Hazikusimama kwa udhaifu wa vyuma. Zilisimama kwa sababu swali la nne, la mtunzaji na gharama yake, halikuwa limejibiwa kijijini.

Wakati huo huo, mkoani Shinyanga, tangu mwaka wa 1974, ulikuwako mradi wa visima vifupi uliotumia pampu za mkono. Baadaye, katika miaka ya 1980, ilibuniwa pampu ya mkono iitwayo Afridev, na kanuni yake ilikuwa kwamba mwanakijiji aweze kuifungua na kuitengeneza mwenyewe kwa vifaa vichache. Nchini Kenya, katika miaka ya 1990, ikatokea pampu ya kukanyaga kwa miguu ya MoneyMaker, ikamwagilia bustani nyingi ndogo. Pampu hizo ni dhaifu kuliko injini. Lakini pampu dhaifu inayofanya kazi hutoa maji mengi kuliko pampu hodari iliyokufa.

Ndipo Sera ya Maji ya mwaka wa 2002 ikasisitiza kwamba watumiaji washiriki kuchagua, kumiliki na kugharimia vyombo vyao. Hapa kwetu jina la KAVIWASU, chombo cha watumiaji maji wa vijiji vya Karatu, lilizoeza wengi kulipia maji ili mtambo usisimame. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka wa 2009 nayo yataka wachukuao maji kwa umwagiliaji wawe na kibali. Na kwa nchi ya Eyasi kibali hicho hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Mwaka wa 2019 ukaanzishwa Wakala wa Maji Vijijini, RUWASA. Na siku hizi mitambo ya jua imeshuka bei, hata kijiji kisichofikiwa na umeme chaweza kupandisha maji mchana bila lita moja ya dizeli. Lakini mwanga wa jua haufuti maswali manne. Paneli hutoa nguvu saa chache za mchana tu, kwa hiyo tangi la akiba lazidi kuwa la lazima.

Hesabu moja ya mfano

Ili maneno haya yasibaki hewani, tufanye hesabu moja. Chama cha msingi chataka lita 80,000 kwa siku, zipandishwe mita 60 kutoka kijitoni. Wanachama wengine wasema maji yapandishwe kwa saa 2 ili kazi iishe mapema. Wengine wasema yapandishwe kwa saa 8, yakusanywe tangini, kisha yashuke mashambani yenyewe.

Kwa saa 8, pampu itatoa lita 10,000 kwa saa. Kupandisha kiasi hicho mita 60 kwataka nguvu ya kilowati 1.6 hivi majini. Pampu ya kawaida ikirudisha nusu ya nguvu inayopewa, itahitaji kilowati 3.3 hivi, yaani nguvu 4 na nusu za farasi. Tukiongeza upungufu wa hewa ya Karatu, injini ya nguvu 5 na nusu hivi yatosha, kabla ya kuongeza hasara ya bomba.

Kwa saa 2, pampu itatoa lita 40,000 kwa saa, na nguvu zote hizo huzidishwa mara 4. Tena, maji yakiongezwa mara 4 katika bomba lile lile, hasara ya msuguano haiongezeki mara 4, huongezeka karibu mara 16. Basi ama injini iwe kubwa zaidi tena, ama bomba zima libadilishwe liwe pana. Na kijito chenyewe, kikinyonywa kwa kasi hiyo, huenda kikakauka kwa saa 2 hizo, na jirani wa chini akaja na malalamiko ya haki.

Msomaji aona kwamba tangi ndilo lililopunguza injini. Mwenye akiba hahitaji kukimbia. Hilo ndilo fundisho la Lloyd katika hifadhi yake ya chini ya sakafu, na ndilo fundisho la ushirika wenyewe: mchango mdogo wa kila mwanachama, ukiwekwa mahali pamoja na kutunzwa, hutenda kazi ambayo tajiri mmoja mwenye haraka huishindwa.

Neno kwa miaka kumi ijayo

Chama chochote cha msingi kitakachokusudia kununua pampu, yafaa kiandike kwanza karatasi moja kabla ya kufungua mfuko. Karatasi hiyo itaje kimo kilichopimwa kwa kipimo, wala si kwa macho. Kiasi cha maji kwa siku, na ukubwa wa tangi. Kina cha kuvuta, kikilinganishwa na kikomo cha mahali petu. Namna ya maji, kama yana mchanga au magadi. Idhini ya wenye mamlaka ya maji na makubaliano na majirani wa chini. Jina la mwanachama atakayefunzwa kuitunza. Mahali vipuri vinapopatikana. Na kiasi kitakachowekwa kando kila mwezi kwa ajili ya pampu itakayofuata, maana hii nayo itakufa. Karatasi hiyo ikisha kusomwa mbele ya mkutano na kukubaliwa, muuzaji na aulizwe: "Ni pampu gani itimizayo haya?" Nguvu za farasi zitajitokeza zenyewe mwishoni mwa hesabu.

Maafisa wetu wana wajibu wao katika jambo hili. Mkaguzi wa hesabu na aulize habari za fungu la vipuri kama aulizavyo stakabadhi za mazao. Bwana shamba na afike kwenye pampu pamoja na kufika shambani. Kamati na zisione haya kumwambia mwanachama tajiri kwamba chombo alichokipenda ni kikubwa mno kwa kijito cha wote.

Watu wa Engaruka waliacha mawe ya mifereji yao, nasi twayasoma kama kitabu. Watakaotufuata watayasoma vivyo hivyo matangi yetu, mabomba yetu na udongo wa mashamba yetu kando ya Eyasi. Wakikuta udongo bado mtamu na chemchemi bado hai, watajua kwamba tulichagua vema.